Je, wajua? Kwa nini mnyama aliyeliona gari bado hugongwa

Swali hili huulizwa sana kwenye matatu za Likoni–Ukunda, dereva anapofunga breki ghafla na abiria wote kugeukia dirishani: "Kwani hakuliona gari? Mbona hakukimbia?" Mara nyingi aliliona. Na pengine alikimbia pia, na huko kukimbia ndiko kulikomuua.

Mnyama wa porini amerithi mbinu za kujiokoa na adui anayewinda: chui, tai, fisi, chatu. Adui wa namna hiyo hunyemelea, husita, hubadili njia, na akishajua ameonekana mara nyingi huacha. Kwa hiyo mnyama hatoki mbio pale tu anapomwona. Humtazama, hupima umbali, huendelea kula, kisha huondoka adui akivuka mpaka fulani. Kukimbia kila mara ni kupoteza nguvu na malisho. Gari halina tabia hizo. Linakuja moja kwa moja, wala halimfuati yeye.

Watafiti nchini Marekani waliwahi kuwaonyesha ndege video za gari likiwajia kwa kasi mbalimbali. Ndege walitazama umbali zaidi kuliko kasi, na kasi ilipozidi kilomita 120 kwa saa muda wa kuruka haukuwatosha. Hesabu yake ni nyepesi. Mnyama anayengoja gari lifike mita 30 ana sekunde 2 hivi likiwa linakwenda kilomita 50 kwa saa. Likienda 100, amebakiwa na sekunde 1 tu. Kwa macho yake, magari hayo mawili yalikuwa mbali sawasawa.

Halafu kuna mbinu zenyewe. Sungura na swala hukimbia kwa kukata kona ili adui apotee, na kona hiyo humrudisha lamini. Kobe huvuta kichwa ndani ya gamba akatulia katikati ya barabara. Nungunungu husimama na kuinua miiba, maana miiba hiyo humshinda hata simba. Kila mmoja anafanya kile kilichomwokoa mama yake na bibi yake. Ndiyo maana naona si haki kumwita mjinga.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Jicho la mnyama wa usiku hufunguka sana ili likusanye mwanga mdogo uliopo, na wengi wao wana tabaka nyuma ya jicho linaloakisi mwanga. Ndilo unaloliona liking'aa kando ya barabara. Mwanga wa taa kubwa ukimpiga, haoni tena gari wala njia ya kutokea, anabaki amesimama. Dereva akidhani mnyama anamtazama, kumbe amepofuka kwa muda.

Lakini afuate nini barabarani? Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami, kwa hiyo nyasi za kando hubaki mbichi wakati kwingine kumekauka. Lami hushika joto la mchana, na nyoka hupenda kujilaza hapo jua likizama. Nyani hufuata nafaka zilizomwagika kutoka kwa malori na maganda ya ndizi tunayotupa dirishani. Akigongwa mmoja, mzoga wake huwaita fisi, mbweha na tai, nao wakaingia hatarini.

Wengine hawafuati chochote, wanavuka kwa sababu msitu umekatwa vipande viwili. Hapo ndipo ilipo shida ya Diani, kusini mwa Mombasa, ambako barabara ya ufuoni imepita katikati ya makazi ya kuluzu. Huyu ni mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Mtazame akiwa juu ya mti: anaruka kutoka tawi hadi tawi bila kukosea, mkia ukimfuata. Mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Vidole vinne virefu hunasa tawi kama ndoano. Mtazame sasa ardhini, miti ya pande mbili ikiwa imefyekwa na matawi hayakutani tena. Anateremka polepole, anasita ukingoni, kisha anavuka kwa kurukaruka, mwili uliofaa matawini ukiwa mzito juu ya lami. Pikipiki inapita, tuktuk inapita, na mama amebeba mtoto kifuani.

Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, lilikuja na jawabu ambalo ukipita utaliona juu ya kichwa chako: ngazi ndefu iliyolazwa hewani, nyaya mbili zenye vidato, kutoka mti wa upande huu hadi wa upande ule. Ziko zaidi ya 20. Kuluzu huzitumia, kima nao, tumbili pia. Nyani wamezoea kupita chini, kwa hiyo kwao matuta na mguu mwepesi wa dereva bado vina kazi.

Ndovu hawezi kutundikiwa ngazi. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, imekata mbuga ya Tsavo kwa tuta refu na uzio, nayo ikaachiwa mapito ya chini kwa ajili ya wanyama. Ndovu waliofungwa kola za kufuatilia nyendo wameonekana wakiyatumia, hasa usiku wakati watu wametulia. Ubaya ni kwamba akishapita salama chini ya reli, sehemu nyingi anakutana na barabara kuu ya Mombasa–Nairobi iliyo sambamba nayo. Na usiku huohuo aliouchagua ndio matrela ya bandarini yanapokimbia kuelekea bara. Kwa maoni yangu, barabara hiyo ilistahili mapito yake zamani.

Kwako wewe dereva: ukimwona kima mmoja amevuka, usikanyage mafuta ukidhani wamekwisha. Hutembea kwa makundi, na wa nyuma wanaweza kuwa watoto wanaokimbilia mama zao. Usiku punguza taa na mwendo pamoja. Na ukikuta jike la kuluzu limegongwa Diani, tazama kifuani pake kabla ya kuondoka. Mtoto wa kuluzu huzaliwa mweupe kabisa, hung'ang'ania manyoya ya mama hata baada ya mama kufa, na mara nyingine yeye hana jeraha. Usimbandue wala usimpe maziwa. Piga simu kwa Colobus Conservation au Shirika la Wanyamapori, KWS, ukae karibu uwazuie mbwa na kunguru mpaka wafike.