Asilimia 36 ya nini?

Kila mwenye digrii ya sayansi anayetaka kuhamia kwenye uandishi wa habari huja na wimbo uleule: sayansi ninayo, kilichobaki ni kurahisisha lugha. Jamani. Lugha ndiyo sehemu nyepesi.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio la awamu ya tatu lilikuwa na watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015: kwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ufanisi dhidi ya malaria ulikuwa asilimia 36. Mrahisishaji anaandika: "Chanjo yakinga watoto 36 kati ya 100." Kiswahili safi, sentensi fupi, maana imepinda.

Asilimia hiyo haihesabu watoto, inahesabu mara walizougua. Mtoto anayeishi kwenye malaria nyingi huugua, akapona, akaugua tena. Kwa takriban miaka minne, waliochanjwa waliugua mara chache zaidi, pungufu ya zaidi ya theluthi, kuliko wenzao wa kundi la kulinganishia, waliopewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna watoto 36 waliozungushiwa ukuta na 64 walioachwa nje. Ndiyo maana ripoti ileile inasema kila watoto 1,000 waliochanjwa waliepushiwa malaria mara 1,774. Msomaji asiyejua jambo hili hudhani ni kosa la uchapaji, na mhariri mwenye haraka huifuta.

Kisha ikaja chanjo nyingine ya malaria, R21, na asilimia 75, na hesabu za sokoni zikaanza: 75 ni zaidi ya mara mbili ya 36, basi R21 ni bora mara mbili. Subiri kidogo. Ile 75 ni ya miezi 12, tena kwenye vituo vya Burkina Faso na Mali ambako watoto walichanjwa kabla ya msimu wa malaria. Kwenye vituo vya kawaida, ambako watoto walichanjwa bila kungoja msimu, Bagamoyo na Kilifi vikiwemo, ilikuwa 68. Na RTS,S yenyewe, ilipopimwa kwa mwaka mmoja tu, ilitoa karibu 56. Chanjo ileile, muda tofauti, namba tofauti. Chanjo hizi mbili hazikushindanishwa katika jaribio moja, na Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza R21 mwaka 2023 halikusema inaishinda mwenzake.

Hapo ndipo kusomea sayansi kunapolipa: unaanza na sehemu ya mbinu, unatafuta kundi la kulinganishia, muda wa ufuatiliaji, waliojitoa, na upana wa makadirio, yaani namba halisi yaweza kuwa chini au juu kiasi gani. Muhtasari baadaye. Taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari mwisho kabisa, ili uone walichokikuza.

Lakini digrii hiyohiyo inaponza. Aliyetoka maabara huona aibu kuuliza swali la mtoto wa darasa la nne, huwahurumia watafiti kwa kuwa anajua taabu yao, na nje ya fani yake hujiamini kupita kiasi. Mwanabaiolojia anayesoma modeli ya hali ya hewa ni mgeni kama msomaji wake. Apige simu kwa mtaalamu asiye mwandishi wa utafiti huo. Sina hakika kabisa kwamba sisi tuliotoka maabara tunamzidi mwanahabari mzuri mwenye ukaidi.

Hata ile 1,774 ina mtego: ni ya maeneo ya jaribio. Penye malaria haba, zinazoepushwa huwa chache. Namna ya kuliingiza hilo kwenye kichwa cha habari cha maneno manane, bado linanishinda.

Na swali la kila wiki: je, umtumie mtafiti makala kabla haijatoka? Mtumie takwimu ulizoandika, nukuu zake na ile aya moja ya ufafanuzi wa kitaalamu. Makala nzima usimpe. Atakurudishia muhtasari wake, wenye "huenda" saba.