Je, wajua kwa nini programu moja hukataa kusakinishwa kwa sababu ya nyingine?

Siku moja baada ya sala ya alasiri, kijana anayechapisha kadi za harusi na mitihani ya madrasa huko Langoni, Lamu, alinijia na kipakatalishi chake. "Mwalimu," aliniambia, "nimetia programu moja tu, na sasa kompyuta yakataa kila kitu."

Kompyuta hiyo hutumia Debian 12, toleo mojawapo la mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao ndio mzazi wa Ubuntu. Rafiki yake wa Malindi, mwenye Debian 13, alikuwa amempa kwenye flashi programu ndogo ya kuhamisha mafaili makubwa mtandaoni, ili asimalize bando lake kwa kuipakua. Alipoisakinisha, kompyuta ilimjibu kwamba programu hiyo yahitaji libc6 ya toleo la 2.38 au zaidi, pamoja na libssl3t64, na kwamba vyote viwili havikupatikana. Tangu hapo, kila alichotaka kuongeza kilikataliwa, hata fonti ya maandishi.

Katika Debian, programu husafiri ndani ya kifurushi, nacho ni faili lenye mwisho wa .deb. (Wengi wetu tukisikia kifurushi hufikiria data ya simu, hiki ni kingine kabisa.) Ndani yake mna programu yenyewe, na kando yake mna maelezo mafupi: jina, toleo, mtunzaji, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo bila hivyo programu haitafanya kazi. Orodha hiyo ndiyo chanzo cha ule ukatazi, na ni ndefu kwa sababu programu za mfumo huu hutumia kwa pamoja maktaba, yaani mafaili yenye kazi zilizoandikwa tayari ambazo programu nyingine huziita. Mtaa wenye sufuria kubwa za harusi hauna haja ya kila nyumba kununua zake. Vivyo hivyo libc6, ambayo ni maktaba ya msingi, huwekwa mara moja tu, kisha karibu kila programu iliyomo kwenye kompyuta huitegemea, zikiwemo ls, cp na dpkg yenyewe, ambayo ndiyo fundi wa kusakinisha.

Ile namba 2.38 haikuandikwa na mtu kwa kukisia. Mtunzaji anapounda kifurushi, chombo kiitwacho dpkg-shlibdeps huipekua programu iliyokwisha kujengwa, kikaona imeita kazi zipi kutoka maktaba zipi, na kazi hizo zilianza kupatikana katika toleo gani. Kisha kikaandika sharti hilo chenyewe. Rafiki wa Malindi alikuwa na kifurushi kilichojengwa juu ya libc6 mpya, ilhali Debian 12 ina 2.36. Kompyuta ilisema kweli.

Jina la libssl3t64, maktaba ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, nalo lina kisa chake. Mifumo ya aina hii huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na kwenye kompyuta za biti 32 (zinazotunza hesabu hiyo kwa tarakimu 32 za 0 na 1) hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu. Ili kuepuka hilo, watunzaji wa Debian walipanua hesabu hadi biti 64, na mwaka 2024 wakabadilisha majina ya maktaba nyingi kwa kuongeza t64, ili programu iliyojengwa kwa hesabu ya zamani isije ikakutana kimakosa na maktaba ya hesabu mpya. Kipakatalishi cha kijana wetu ni cha biti 64, kwa hiyo hatari hiyo haikumhusu, lakini jina lilikuwa limekwisha kubadilika kwa wote.

Kwa nini basi hata fonti ilikataliwa? Ni kwa sababu dpkg hufanya kazi kwa hatua mbili, kufungua kifurushi na kukisanidi, yaani kukiandaa kianze kazi, na huandika hali ya kila kifurushi katika faili la /var/lib/dpkg/status. Kile cha Malindi kilikuwa kimefunguliwa bila kusanidiwa, na apt, inayosimamia mpango mzima, haikubali kujenga juu ya msingi uliovunjika. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, jambo tulilolizoea, hali hufanana, lakini dawa yake ni nyepesi: amri ya dpkg --configure -a huendeleza kazi pale ilipoishia.

Kijana alikuwa ameshauriwa mtandaoni aongeze neno --force-depends, linaloiamuru dpkg ipuuze mahitaji yaliyokosekana, na aitie libc6 ya Debian 13 kwa mkono. Nilimzuia. "Ukiiharibu hii, mwanangu, hata amri ya kunakili mafaili yako haitafunguka." Ushauri wa namna hiyo huniudhi sana, kwa kuwa humfundisha mtu kumnyamazisha anayemwonya. Tuliandika apt --fix-broken install. Apt ikatafuta vilivyopungua, haikuviona katika maghala ya Debian 12, yaani hazina zake za vifurushi mtandaoni, ikapendekeza kukiondoa kile kifurushi kimoja. Tukakubali, na fonti ikaingia mara moja.

Zipo programu zinazokuja na maktaba zilizo kando na zile za mfumo, kama zile za Flatpak, nazo hazina mgogoro huu, ila kupakua moja kwaweza kula mamia ya megabaiti, na hilo kwa mnunuzi wa bando ni mzigo.

Kijana alitaka toleo jipya hasa la programu ile, si lile la zamani lililomo katika ghala la kawaida. Kwa haja hiyo Debian ina ghala la pembeni liitwalo backports, ambamo watunzaji huchukua msimbo (maandishi asilia ya programu) wa toleo jipya na kuujenga upya juu ya mfumo wa zamani. Kifurushi alichokipata humo kilitoka katika msimbo ule ule wa kile cha Malindi. Lakini safari hii dpkg-shlibdeps ilikuwa imeipekua programu mbele ya libc6 ya 2.36, na katika orodha ya mahitaji paliandikwa libssl3, bila t64.