Si "furaha ghafi": neno la Bhutan linaloharibiwa kila siku

Juzi tena nimemsikia mchambuzi mmoja redioni akisema Bhutan "imeachana na mambo ya uchumi, inapima furaha ghafi ya taifa, ndiyo maana ni nchi yenye furaha kuliko zote duniani." Sentensi moja, makosa matatu. Mara ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikaguna. Hii ya tano au ya sita imenikalisha chini niandike.

Maana kwanza, tuimalize. Furaha ya Jumla ya Taifa, hiyo inayoitwa "furaha ghafi" na kwa Kiingereza Gross National Happiness, ni namna Bhutan, ufalme mdogo wa milimani kati ya India na China wenye watu wasiofika laki nane, inavyopanga maendeleo yake kwa kuangalia mambo mengi kwa mpigo badala ya pato peke yake. Nyanja ni tisa: utulivu wa nafsi, afya, elimu, matumizi ya muda, utamaduni, utawala bora, uhai wa jamii, mazingira na hali ya maisha. Ndani yake mna viashiria 33, na wananchi huhojiwa kwa dodoso refu. Basi, dhana ndiyo hiyo. Mimi ugomvi wangu uko kwenye maneno.

Tuanze na hilo "ghafi". Malighafi ni mali ambayo haijapita kiwandani. Uzito ghafi ni uzito wa mzigo pamoja na kasha lake. Pato ghafi ni pato kabla hujatoa uchakavu wa mitambo na majengo. Kote huko neno lina kazi, kwa sababu kuna kitu kitakachotolewa baadaye. Sasa nielezwe: furaha ghafi ikishatolewa uchakavu, inabaki furaha gani? Aliyeanzisha tafsiri hii nadhani alifungua kamusi ya wahasibu akaokota neno la juu kabisa. "Jumla" angalau halimchekeshi msomaji.

Namsamehe kidogo, kwa kuwa jina lenyewe lilizaliwa kwa utani. Mfalme wa nne wa Bhutan, Jigme Singye Wangchuck, alirithi kiti mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 16. Simulizi inayorudiwa zaidi ni kwamba mwaka 1979, akirejea kutoka Havana kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote, waandishi walimdaka uwanja wa ndege wa Bombay. Akawaambia kwamba kwao furaha ya jumla ya taifa ni muhimu kuliko pato la jumla la taifa. Kwa Kiingereza alibadili neno moja tu, Product likawa Happiness, na kwenye kifupi chake herufi moja: GNP ikawa GNH. Ni jibu la papo kwa papo la mfalme kijana mwenye ulimi mwepesi, na ukilivusha kwenda lugha nyingine utani unabaki ng'ambo.

Wabhutan wenyewe, kwa Kidzongkha, husema gyalyong gakid pelzom. Gyalyong ni la taifa zima. Utamu uko kwenye gakid, neno lililounganishwa kwa vipande viwili: ga ni furaha, ule mchangamko wa moyo, kid ni raha, hali ya mtu asiye na kinachombana. Na hapa Kiswahili kimejaliwa, maana yote mawili tunayo. Furaha na raha yanasikika kama mtu na mdogo wake, ukikata silabi ya kwanza ya moja unapata jingine, lakini hayana undugu wowote. Yote ni ya Kiarabu, ila furaha limetoka kwenye mzizi wa kuchangamka, na raha kwenye mzizi wa kupumzika, uleule uliotuzalia starehe. Mtu anaweza kuwa na furaha jioni moja ya harusi na asiwe na raha mwaka mzima. Serikali haiwezi kukupangia hilo la kwanza. La pili inaweza kulishughulikia: maji yafike, zahanati iwe na dawa, barabara ya mlimani isikatike kila mvua. Tukitafsiri gakid kwa "furaha" peke yake tumetupa nusu ya neno, tena nusu yenye kazi.

Ndiyo maana hiyo habari ya "nchi yenye furaha kuliko zote" inaniudhi. Anayeisema amechanganya vipimo viwili. Kuna Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo huwaambia watu wafikirie ngazi ya vidato 0 hadi 10 kisha waseme maisha yao yamesimama kidato gani. Kwenye orodha hiyo ya mwaka 2019 Bhutan ilikuwa ya 95. Dodoso la Bhutan halikuulizi hilo tu. Linataka kujua unafanya kazi saa ngapi kwa siku, unalala saa ngapi, na kama wanyama pori wameharibu mazao yako. Nguruwe pori wakishinda usiku kwenye mahindi ya mkulima wa bondeni, hasara ile inaingia kwenye hesabu ya furaha ya taifa. Hesabu hiyo nayo haijisifu: ya mwaka 2022 iliwaweka asilimia 48.1 tu ya watu upande wa wenye furaha. Waliobaki, zaidi ya nusu, inawaita watu ambao furaha yao haijatimia bado. Nchi inayotangaza hivyo haijadai ubingwa wa dunia.

"Imeachana na uchumi" ni la tatu, na ni rahisi kulijibu. Mipango ya miaka mitano ilianza huko mwaka 1961. Kituo cha umeme wa maji cha Chukha, megawati 336, kilijengwa kwa fedha za India, asilimia 60 ruzuku na 40 mkopo, na umeme wake mwingi ukauzwa India hiyohiyo. Tala ikafuata na megawati 1,020, kisha Mangdechhu na 720 mwaka 2019. Vituo hivi hutegemea mto unavyotiririka, havina mabwawa makubwa ya kuhifadhi maji. Majira ya joto theluji ikiyeyuka na mvua za monsuni zikishuka, umeme unafurika na kuuzwa. Majira ya baridi mito inanywea, na muuzaji huyohuyo anageuka mnunuzi kwa jirani yake. Watu wanaokesha na hesabu hiyo hawajaachana na uchumi. Utalii nao ni hesabu tupu: wageni wachache, walipe vizuri. Tozo ya siku ilipandishwa kutoka dola 65 hadi 200 mwaka 2022, wageni wakasita, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 100. Na Desemba 2023 nchi ikatoka kwenye kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni kabisa.

Kazi halisi ya dhana hii ilikuwa ya chujio. Kwa miaka kadhaa, sera mpya ilipitishwa kwenye karatasi yenye vigezo 22, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 4: je, itaongeza pengo la kipato? Itawapunguzia watu muda wa kukaa na familia? Itaharibu mto? Hoja ya kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, ambayo nchi iliomba mwaka 1999, ilipita humo ikakosa alama za kutosha. Unaweza kusema walikosea, na wapo wachumi wanaosema hivyo, lakini huo ni uamuzi wa biashara uliofanywa na watu wenye kalamu mkononi.

Wala simtetei mtu. Watu zaidi ya laki moja wenye asili ya Nepal, Walhotshampa, waliondoka au kuondolewa kusini mwa Bhutan miaka ya 1990 mwanzoni wakaishia kambini, na neno "taifa" kwenye gyalyong halikuwafunika. Siku hizi vijana wengi wanakwenda Australia kutafuta kazi. Anayetaka kuipinga dhana hii ana pa kuanzia, na si lazima aanzie kwenye tafsiri mbovu.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, ukirudi hewani sema "ustawi wa jumla wa taifa", au ukipenda "furaha na raha ya taifa", ambayo ingekuwa karibu zaidi na gakid. Na Ibara ya 9 ya katiba yao ya mwaka 2008 haisemi kwamba Bhutan ina furaha. Inasema dola itajitahidi kukuza mazingira yatakayowezesha kuitafuta. Hesabu vitenzi hivyo: kujitahidi, kukuza, kuwezesha, kutafuta. Viko vinne kabla hujaifikia furaha yenyewe.