Shindano rasmi la tamasha la filamu ni nini?

Shindano rasmi ni kitengo kimoja ndani ya tamasha. Filamu chache zilizoteuliwa kuingia humo hupimwa na jopo la majaji, na ni hizo tu zinazoweza kutwaa tuzo kuu. Nyingine huonyeshwa katika tamasha hilohilo bila kuigombea. Kwa hiyo filamu "iliyoonyeshwa Cannes", tamasha maarufu la Ufaransa, huenda haikushindania tuzo hiyo kuu: pengine ilikuwa nje ya shindano, au katika Un Certain Regard, kitengo chenye majaji na tuzo zake. Matangazo ya sinema huficha tofauti hii, na mtazamaji ana haki ya kuijua.

Wanaoteua si wanaoamua. Kamati ya uteuzi huchuja maombi miezi kadhaa kabla. Cannes hubakiza takriban filamu 20 kwa shindano kuu. Ndipo jopo, ambalo huko kwa kawaida ni watu 9 pamoja na rais wake, hutazama zote, hujadiliana faraghani na kuamua. Jopo hubadilika kila mwaka. Ndiyo maana tuzo ya tamasha huelemea ladha ya watu wachache, wakati Oscar hutokana na kura za maelfu ya wanachama wa Akademia, chama cha wanasinema cha Marekani kinachoitoa.

Kila tamasha lina alama yake: Mtende wa Dhahabu Cannes, Simba wa Dhahabu Venice, Dubu wa Dhahabu Berlin, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou, Jahazi la Dhahabu Zanzibar. Chini yake huja tuzo za mwongozaji, waigizaji na muswada.

Jina linalopotosha wengi ni Grand Prix, yaani "tuzo kuu" kwa Kifaransa. Cannes, hiyo ni tuzo ya pili, si ya kwanza. Mwongozaji Mati Diop aliipata mwaka 2019 kwa filamu ya Atlantique. Tuzo kuu ya tamasha kubwa aliitwaa Berlin mwaka 2024, Dubu wa Dhahabu, kwa Dahomey. Zote mbili ni heshima kubwa mno, ila hazilingani daraja.

Kwa mtengenezaji filamu, kinachoumiza zaidi ni kanuni ya onyesho la kwanza. Matamasha makubwa hutaka filamu ambayo haijaonekana kwingine. Ukiipandisha hadharani kwenye intaneti, hata kwa siku moja, au ukiipeleka kwanza kwenye tamasha dogo la kimataifa, unaweza kuwa umejifungia mlango. Maonyesho ya majaribio kwa watu wachache wa ndani na kiungo chenye nywila kwa wateuzi havina shida. Urefu nao hukata wengi: filamu fupi ya shindano la Cannes haizidi dakika 15, pamoja na orodha ya majina ya washiriki inayopita mwishoni. Yenye dakika 16 haiingii katika shindano hilo wala la filamu ndefu, maana filamu ndefu huanzia zaidi ya dakika 60.

Soma kanuni ujue onyesho la kwanza linalotakiwa ni la dunia, la bara au la nchi tu. Anza na tamasha lenye sharti kali zaidi, subiri jibu lake, kisha shuka. La dunia hutumika mara moja tu. La nchi bado unaweza kubaki nalo baada ya filamu kuzunguka kwingine.