Je, wajua kwa nini wazee wa Kimaya hufukiza ubani kwenye ngazi za kanisa katoliki?

Kila Alhamisi na Jumapili mji wa Chichicastenango, katika nyanda za juu za Guatemala, hugeuka gulio moja kubwa. Wauzaji wa vitambaa, mahindi, kuku, maua na vinyago vya mbao hupanga bidhaa zao hadi chini ya kuta nyeupe za kanisa la Mtakatifu Tomaso, ambalo wenyeji huliita Santo Tomás. Na kwenye ngazi za kanisa hilo hufuka moshi. Utamwona mzee anapunga kopo la bati lililotobolewa matundu, ndani mna makaa na utomvu, huku ananuia kwa Kik'iche', lugha ya Wamaya wa hapa. Pembeni yake wanawake wameketi na mafungu ya maua. Mlangoni mwa kanisa hilohilo watu wanaingia kusali misa, na hakuna anayeshangaa.

Anayeshangaa ni mgeni. Huyu mzee ni Mkatoliki, au anawatambikia mizimu? Wengi wa wanaofukiza pale wamebatizwa, watoto wao pia wamebatizwa, na wakifa watataka padri awaombee.

Jibu linalopenda kutolewa ni kwamba Wamaya waliificha miungu yao nyuma ya sanamu za watakatifu ili Wahispania wasiitambue. Lina ukweli wake, ila mimi haliniridhishi, kwa sababu linawafanya mapadri wa karne tano wawe vipofu wote. Moshi haufichiki. Mapadri waliuona, wakagombeza, wakachoka, wakaondoka, wakaja wengine. Kilichodumu Chichicastenango kinafanana zaidi na mapatano ambayo hakuna aliyeyatia sahihi, na yaliwezekana kwa sababu mambo mengi ya pande hizo mbili yalikuwa tayari yanakaribiana.

Chukua mahali penyewe. Mwaka 1524 jeshi la Mhispania Pedro de Alvarado liliteketeza Q'umarkaj, mji mkuu wa Wak'iche', kaskazini mwa hapa, na wafalme wake wawili wakachomwa moto. Katika miaka ya 1540 watawa wakawa wanawakusanya watu waliotapakaa vilimani ili wakae katika miji ya mpango wa Kihispania, uwanja katikati na kanisa upande mmoja. Santo Tomás lilijengwa karne hiyohiyo ya 16, na likakalishwa juu ya jukwaa la ibada la zamani. Kujenga juu ya madhabahu ya mshindwa lilikuwa jambo la makusudi: kila apitaye aone nani kashinda. Lakini waliopelekwa kusali pale walijua vizuri pale pamekuwa pa nani. Walikuja kama walivyoamriwa, nao wakaendelea kuzungumza na waliokuwa wakizungumza nao.

Ndiyo maana ngazi zina wenyewe. Ziko 18, na wenyeji huzilinganisha na miezi 18 ya mwaka wa jua wa Kimaya, kila mwezi siku 20, jumla 360, kisha siku 5 za kukamilishia. Ng'ambo ya uwanja, upande wa magharibi, kuna kanisa dogo la El Calvario, nalo lina ngazi zake na moshi wake. Wanaosali huanzia chini, wakapanda, wakaomba ruhusa mlangoni, ndipo wakaingia. Ndani, kwenye njia ya katikati, kuna majukwaa mafupi ya chini ambapo watu huwasha mishumaa, humwaga matone ya pombe kali na hutandaza maua kwa ajili ya marehemu wao. Altare iko mbele yao, nao wamepiga magoti katikati ya kanisa wakiwataja babu zao kwa majina.

Hiyo kalenda ya siku 360 na 5, hata hivyo, siyo inayoendesha maisha ya ibada. Inayoendesha ni nyingine, ya siku 260: majina 20 ya siku yakizungushwa pamoja na namba 1 hadi 13. Kila siku ina jina, ina tabia, ina bwana wake. Kuna siku ya kuombea mbegu, ya kuombea mgonjwa, ya kuungama makosa, na siku ambayo mtu mwenye akili haanzi safari. Anayeijua hesabu hii ni ajq'ij, mtunza siku, ambaye hufundishwa na mkubwa wake hadi awekwe rasmi. Akiulizwa jambo, humwaga mbegu nyekundu za mti wa tz'ite, akazigawa mafungu madogomadogo, kisha akahesabu siku juu yake. Kalenda hii haikukatika hata baada ya Wahispania kuja. Leo hii bado inahesabiwa.

Sasa angalia Wahispania walikuja na nini: kalenda ambayo kila tarehe ina mtakatifu wake! Watu waliozoea kwamba siku ina mwenyewe hawakuhitaji mahubiri marefu kuelewa kwamba leo ni ya Yosefu na kesho kutwa ya Sebastiani. Sikukuu ya Tomaso ilikuwa tarehe 21 Desemba, siku ambazo jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini na kugeuka. Roma iliihamishia tarehe 3 Julai katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969. Chichicastenango haikuhama. Hadi leo mji hufurika tarehe 21 Desemba, fataki hulipuka mchana kweupe, wanaume hupanda juu ya mlingoti mrefu kisha hujiachia wakizunguka kwa kamba hadi chini, na wacheza ngoma huvaa vinyago vyenye nyuso nyekundu na nywele za dhahabu kuwaigiza wale Wahispania wa Alvarado.

Nani hulipia yote hayo? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo maelezo mengi hupita haraka. Watawa walileta kutoka Hispania vyama vya undugu viitwavyo cofradía, kila kimoja na mtakatifu wake, kazi yake kutunza sanamu, kununua mishumaa, kuzika wafu na kuandaa sikukuu. Mapadri walikuwa wachache na milima mingi, kwa hiyo parokia ilikaa muda mrefu bila padri huku chama kipo palepale. Taratibu kikawa zaidi ya chama cha kanisa. Sanamu ililala nyumbani kwa kiongozi, kiongozi alibadilishwa kwa zamu, na aliyepanda vyeo hivyo alitumia mali yake kulisha wenzake hadi akatoka mzee wa kusikilizwa. Chichicastenango ina vyama 14. Siku za sikukuu utawatambua viongozi wake kwa koti jeusi lililotariziwa, suruali inayoishia magotini, na fimbo yenye jua la fedha kwenye ncha. Chombo kilicholetwa ili kuwaingiza watu Ukatoliki ndicho kilichowapa nafasi ya kujiendeshea mambo yao wenyewe, ya kikatoliki na yasiyokuwa ya kikatoliki.

Kisa cha Francisco Ximénez nacho kina kejeli yake. Mtawa huyu wa Kidominiko alikuwa paroko wa hapa kati ya mwaka 1701 na 1703. Alijifunza Kik'iche' sawasawa, kwa kuwa alitaka kung'oa imani za zamani, na huwezi kung'oa usichokielewa. Katika shughuli hiyo akaonyeshwa maandishi ambayo wakuu wa Kik'iche' walikuwa wameyaandika kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16: simulizi la namna dunia ilivyoumbwa, mapacha mashujaa walioshuka kuzimu, na binadamu aliyefinyangwa kwa unga wa mahindi baada ya yule wa udongo na yule wa mti kushindikana. Ndiyo Popol Vuh. Ximénez aliinakili yote, Kik'iche' safu moja na Kihispania safu ya pili. Nakala ya kwanza imepotea, ya kwake ipo, imehifadhiwa katika Maktaba ya Newberry mjini Chicago. Bila padri huyo tungekuwa hatuna kitu.

Na ubani wenyewe? Wak'iche' huuita pom. Hutoka kwenye miti ya jamii ileile ya mimea inayotoa ubani na manemane wa Somalia na Oman, ingawa bahari mbili ziko katikati. Padri alikuja na chetezo chake mkononi akawakuta wenzake nao wana chao. Jina la kibiashara la utomvu huo, kopali, limetoka Mexico, nalo lilitumika pia kwa sandarusi ambayo wafanyabiashara wa Kimarekani wa karne ya 19 walikuwa wakinunua Zanzibar kwa ajili ya kutengenezea vanishi.

Si kila mtu anaridhika na mapatano haya. Kuanzia miaka ya 1930 vuguvugu la Acción Católica lilitaka Ukatoliki usiochanganywa, likavipinga vyama vya undugu na mambo ya mizimu. Juu ya kilima nje kidogo ya mji kuna jiwe la kuchongwa, Pascual Abaj, ambako watu hupeleka mishumaa, pombe na pengine kuku. Jiwe hilo lilivunjwa katika miaka ya 1950, likaunganishwa, na moto ukawashwa tena mbele yake. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1960 hadi 1996, ambayo haikuuliza mtu ni wa upande upi. Mkoa huu wa Quiché uliumia kuliko karibu mingine yote. Mwaka 1980, baada ya mapadri kuuawa, Askofu Juan Gerardi alilifunga jimbo lake zima la kikanisa. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1998, siku mbili baada ya kuzindua ripoti ya kanisa kuhusu mauaji ya vita hiyo. Siku hizi wapinzani wakubwa wa moshi ni makanisa ya kiinjili, ambayo yana waumini wengi Guatemala, na kwao sanamu na mizimu ni kosa moja.

Ukipata nafasi ya kwenda, mji uko kama kilomita 140 kutoka Jiji la Guatemala, katika mwinuko wa karibu mita 2,000, kwa hiyo chukua sweta. Mabasi ni yale ya zamani ya wanafunzi wa Marekani, yamepakwa rangi za kuwaka. Unashukia au kubadilisha gari Los Encuentros, kisha barabara inatumbukia bondeni kwa kona kali na kupanda tena. Usipande ngazi za mbele za Santo Tomás: hizo ni za wanaosali, wageni huingia kwa mlango wa pembeni. Kamera haitakiwi ndani. Kilimani kwa Pascual Abaj ukikuta shughuli inaendelea, simama mbali, na kama ni lazima upige picha, omba kwanza, na ukikataliwa usibishane.