Kingamwili ya KIM-1 ni kitu gani, na kwanini siyo dawa ya figo

Watu wakisikia kingamwili akili inakimbilia chanjo na korona, sasa ukimwambia mtu kuna kingamwili ya kupimia figo anakuuliza inachomwa au inanywewa. Haichomwi wala hainywewi. Inakaa kwenye kichupa ndani ya friza ya maabara na kazi yake ni moja tu, kunasa protini inayoitwa KIM-1, kifupi cha Kidney Injury Molecule-1.

Hiyo KIM-1 yenyewe sasa. Ndani ya figo kuna vijimirija vyembamba mno, damu ikishachujwa yale maji yanapita humo na mwili unajirudishia vitu vyake vya maana kama sukari na chumvi, kinachobaki ndo mkojo. Sehemu ya mwanzo ya vijimirija hivyo ndo inabeba kazi kubwa alafu ndo inaumia upesi, damu ikipungua kufika au dawa kama gentamaisini ikizidi. Seli zikiwa nzima KIM-1 haionekani, au ipo kidogo sana, ila zikijeruhiwa zinaitengeneza kwa wingi na kuisimika kwenye utando wake upande ule mkojo unapopita. Pale inazisaidia seli zilizobaki hai kumeza mabaki ya wenzao waliokufa, yaani wanafanya usafi baada ya msiba. Timu ya mtafiti wa figo Joseph Bonventre kule Boston ndo iliitangaza mwaka 1998, walianzia kwenye figo za panya.

Kilichowafurahisha watu ni kwamba kile kichwa cha KIM-1 kilicho nje ya seli kinakatwa na vimeng'enya kinadondokea kwenye mkojo. Kreatinini tuliyoizoea, yaani uchafu wa kwenye damu unaopimwa kuangalia figo, inachelewa, inaweza kuchukua siku moja au mbili ndo ipande, wakati huu mkojo unasema mapema.

Ila mkojo una protini kibao, utaijuaje hii? Ndo unatafuta kingamwili. Wanachukua kipande cha KIM-1 wanamchoma panya, sungura au mbuzi, mwili wake unaona mgeni kaingia unatengeneza silaha za kumkamata. Ukivuna kutoka kwenye damu ya sungura unapata mchanganyiko wa kingamwili, kila moja inashika sehemu yake. Ukitaka aina moja tu isiyobadilika unaunganisha seli ya kinga na seli ya kansa ambayo haijui kufa, ujanja wa wanasayansi Köhler na Milstein pale Cambridge mwaka 1975, wakapewa Nobeli 1984, na mimi naona walistahili kabisa.

Kipimo chenyewe, ELISA, ni kama sandwichi. Sahani ya plastiki ina vishimo 96, kingamwili ya kwanza imegandishwa chini, unamwaga mkojo, KIM-1 inanaswa, unaosha, unaweka kingamwili ya pili inayoshika sehemu nyingine ya protini ileile na imebeba kimeng'enya, unadondosha rangi inakuwa bluu, ukiweka asidi inageuka njano na mashine inasoma. Njano ikikolea, KIM-1 ni nyingi.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa. Kichwa ndo kinaenda kwenye mkojo, mkia unabaki ndani ya seli. Ukinunua kingamwili inayoshika mkia, kwenye kipande cha nyama ya figo itakupa picha nzuri tu lakini kwenye mkojo utaosha sahani mchana kutwa usione hata tone la njano, alafu unalaumu sampuli. Nilishafanya hilo kosa, karatasi ilikuwa imeandika wazi kabisa sikuisoma. Na kingamwili ya kushika KIM-1 ya panya usidhani itashika ya binadamu, protini zao zinafanana ila siyo pacha. Kingine, KIM-1 imevikwa sukari nyingi, kwa hesabu ya asidi amino uzito wa ile ya binadamu ni kama kilodaltoni 39 (kipimo cha uzito wa protini) lakini kwenye jeli ya kutenganisha protini inasimama karibu na 100, kwahiyo usitupe kichupa ukidhani umeuziwa feki.

Mwaka 2008 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilikubali KIM-1 ya mkojo itumike kuangalia kama dawa mpya inaumiza figo za panya wa maabara. Vichupa vingi vinavyouzwa vimeandikwa ni vya utafiti tu, usije ukampimia mgonjwa ukampa majibu. Na kikifika gawa kwenye vichupa vidogo vidogo kabla hujagandisha, maana kugandisha na kuyeyusha kila wiki kunaiua, na umeme wetu huu unaujua.