Je, wajua kwa nini marufuku ya fraking, yaani kupasua miamba ili kutoa mafuta na gesi, ingeitikisa Marekani ndani ya mwaka mmoja tu?

Siri iko kwenye punje ya mchanga.

Sehemu kubwa ya mafuta na gesi ya Marekani siku hizi imenaswa ndani ya mwambatope, yaani tope la kale lililogeuka mwamba, ulioshikana mno, kiasi kwamba haiwezi kutiririka yenyewe. Wachimbaji hutoboa kwenda chini, hupinda, kisha huendelea mlalo kwa kilomita mbili na zaidi. Halafu husukuma maji, mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba upasuke. Maji yakirudi juu, punje za mchanga hubaki zimekwama ndani ya nyufa na kuzizuia zisijifunge. Hiyo ndiyo fraking.

Lakini ufa hufyonza mwamba ulio jirani yake tu. Cha karibu kikiisha, kisima huchoka: mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana ni lazima visima vipya vipasuliwe kila siku, la sivyo uzalishaji unaporomoka. Hata marufuku ambayo ingeviacha visima vya zamani viendelee ingeonekana upesi.

Na pengo lingekuwa kubwa. Mwaka 2008 Marekani ilitoa mapipa takriban milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku. Mwaka 2023 yalikaribia milioni 13, na ongezeko hilo karibu lote ni la fraking. Gesi nayo huzalisha takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi, hupasha nyumba joto na ndiyo malighafi ya mbolea ya naitrojeni. Ikipungua ghafla, bei hupanda kote huko kwa pamoja. Kinachonisumbua zaidi ni makaa ya mawe: yalitoa karibu nusu ya umeme mwaka 2005, leo hayafiki hata asilimia 20, hasa kwa sababu gesi ilikuwa ya bei nafuu. Mitambo ya makaa iliyobaki ingewashwa kwa nguvu tena.

Ng'ambo ya bahari pia kungetikisika. Urusi ilipoibania Ulaya gesi mwaka 2022, meli za gesi ya kimiminika kutoka Marekani ziliziba sehemu kubwa ya pengo. Ufaransa, iliyopiga marufuku fraking kwake tangu 2011, ni miongoni mwa wanunuzi.

Hofu za wanaodai marufuku ni za kweli. Methani, gesi inayochangia joto la dunia, huvuja, na maji machafu yanayorudishwa ardhini yamezua matetemeko jimboni Oklahoma. Jimbo la New York lilikataa fraking mwaka 2014 kwa sababu za afya, ingawa limekalia mwamba uleule wenye gesi, uitwao Marcellus, ulioko jimbo jirani la Pennsylvania. Mpakani hapo, mkulima wa Pennsylvania hupokea mrabaha na kuvumilia malori usiku kucha. Jirani yake wa New York hana hili wala lile. Jikoni mwake, hata hivyo, jiko bado linawaka kwa gesi, na nyingi ya gesi hiyo huja kwa bomba kutoka Pennsylvania.